Kokoto Nyeupe Nyuma ya Jiko

Tarehe 3 Februari

Binti yangu,

Shikamoo yako ya simuni niliisikia; kuitikia ndiko kulikonishinda. Kwenye simu pumzi inaisha kabla ya sentensi, na shangazi yako hunipokonya akidhani nimezimia. Kalamu haina haraka. Nikichoka naiweka chini na wewe hutajua. Kwa hiyo usipige, andika. Barua zitakwenda na kurudi kwa basi la vifurushi, kama tulivyokuwa tukikutumia sabuni ulipokuwa shule ya bweni.

Umeuliza habari za mashine ya oksijeni. Daktari hajabadilisha maneno: mchana niivae nikiishiwa pumzi, usiku niivae kwa lazima. Nikilala bila ile mashine moyo unafanya kazi ya punda wawili, na ipo siku utagoma. Alinichorea na picha ya moyo. Nimefundisha fizikia mpaka nywele zikaisha, lakini nilimwacha achore, kijana wa watu anajitahidi.

Ila usiku inazima. Wiki hii imezima tena. Umeme wa mtaa unaujua, ni kama mgeni mkubwa, hukaa anapojisikia. Paneli nne za juu ya bati zinajaza betri mchana, lakini betri haifiki asubuhi. Shoti amekuja kubadilisha nyaya. Shoti ni yule fundi niliyemfundisha, aliyeunguza taa za darasa zima kwa waya mmoja na jina likamganda. Siku hizi ni mtu mzima mwenye kitambi na gari.

Mengine ni yaleyale. Shangazi yako mzima na redio yake nzima. Watu bado huja kunipa pole ya mama yako ingawa karibu unatimia mwaka. Hukaa, hunywa chai, huondoka. Miguu huvimba kidogo jioni.

Usihangaike.

Baba yako


Tarehe 11 Februari

Baba,

Shikamoo. Eti usihangaike! Unaniandikia kwamba mashine inayokuweka hai inazima usiku, halafu mstari wa mwisho nisihangaike. Hata wagonjwa wa kweli wa hapa bohari ya dawa, wanaokuja wenyewe kuulizia vidonge, hawana roho kavu namna hiyo.

Nimefanya hesabu, kama ulivyonifundisha, kwenye karatasi na si kwenye simu. Nimechukua nguvu ya mashine, nikazidisha kwa saa za kulala, nikajumlisha taa na redio ya Shangazi. Nikalinganisha na zinachotoa paneli nne siku ya mawingu. Kwa hesabu yangu betri ilipaswa kufika asubuhi, tena na akiba. Lakini unasema haifiki, basi nadhani paneli zimezeeka kuliko tunavyofikiri, au vumbi. Dawa ni kuongeza.

Baada ya kazi nimezunguka maduka ya sola. Muuzaji mmoja amenionyesha paneli za nyuso mbili. Badala ya karatasi ngumu mgongoni zina kioo mbele na kioo nyuma, ukizitazama kwa pembeni unaona mwanga unapenya kati ya vile vibamba. Akaniambia, "Dada, hii inakula jua mbele, inakula na nyuma. Asilimia thelathini ya bure." Nikamwambia cha bure mimi hukiogopa. Akasema, "Basi ngoja nikuongezee bei ulale vizuri." Tulicheka, ila sikununua.

Nichague zipi? Za kawaida nne, tuziweke juu ya bati pamoja na zile za zamani, au hizi za nyuso mbili ambazo ni ghali kidogo? Nisahihishe kama zamani, hata kwa wino mwekundu. Nimeambatanisha karatasi ya hesabu.

Baba, Mama alipougua hapakuwa na cha kuongeza wala cha kupunguza. Tulikaa tukamtazama. Hili la sasa lina cha kufanya, na mimi nitalifanya.

Wako,
Kitindamimba


Tarehe 19 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Nakurudishia karatasi yako. Wino mwekundu umekauka, nimetumia bluu.

Kuzidisha umezidisha vizuri. Umesahau friji ya shangazi yako, ambayo hula umeme kama bibi harusi anavyokula mbele ya wakwe: kidogokidogo, lakini haachi. Ongeza hiyo. Mengine sina la kukosoa. Umeanza na nilichokuambia, ukafuata hatua, ukafika. Mwanafunzi hawezi kufanya zaidi ya hapo.

Sasa paneli. Muuzaji wako hakudanganya, ila alisema nusu. Uso wa nyuma haulioni jua lenyewe. Unaona mwanga uliogonga ardhi ukarudi juu. Ardhi ikiwa nyeusi, hakuna kinachorudi. Ukiilaza juu ya bati letu lililopauka na kushika kutu, mgongo wake utakuwa umebanwa gizani na utakuwa umelipia kioo cha pili ili kikae na mijusi. Kwa paa, nunua za kawaida.

Lakini kwa nini zikae juu ya paa? Nyuma ya jiko pana uwanja unaopata jua tangu asubuhi mpaka alasiri. Zikisimamishwa hapo juu ya nguzo za chuma, zifike kifuani pa mtu au zaidi, na chini pakamwagwa kokoto nyeupe, hapo uso wa nyuma utapata riziki yake. Usitegemee thelathini. Kumi ni hakika, kumi na tano ukiwa na bahati na mtu wa kufagia majani. Faida nyingine ni kwamba Shoti hatapanda ngazi. Kwa kitambi kile, ngazi ndiyo yenye hatari.

Jambo moja la muhimu. Mpya zisiunganishwe kwenye mnyororo mmoja na za zamani. Mkondo wa paneli dhaifu ndio utakaoamua wa zote, kama msafara unaotembea kwa mwendo wa mwenye kidonda. Inveta yetu, ile inayogeuza umeme wa jua uwe wa nyumbani, ina mlango wa pili. Mpya ziingie humo peke yake.

Shangazi yako nimemsomea barua yako. Amesema, "Za nyuso mbili? Kaka, wenye nyuso mbili nimeishi nao ukweni miaka yote, sasa unaniletea na wa kuning'inia uani?" Nimemweleza habari ya mwanga unaorudi. Akasema hata hao wa ukweni walikuwa hivyohivyo, wanakula mbele na nyuma.

Kwa hiyo chagua za nyuso mbili, kama umeshikilia kuongeza. Uwanja upo. Hakuna cha maana pale sasa.

Usiku wa juzi ilizima.

Baba yako


Tarehe 27 Februari

Baba,

Shikamoo. Nimenunua. Nyuso mbili, nne, na betri ya pili juu yake. Zimeondoka leo kwa lori, Shoti atazipokea. Nimemwambia kwa simu mambo yako yote: nguzo, kokoto nyeupe, mlango wa pili wa inveta. Akasema, "Dada, hayo maneno ni ya Mwalimu, nayajua hata yakija kwa mdomo wako."

Ukisema imezima tena baada ya hizi, nitaongeza nyingine. Nitaongeza mpaka mashine ikose kisingizio.

Likizo ya mwezi huu nimeiahirisha. Bohari ina ukaguzi. Tena kwa sasa kuna maana gani nije nikae nikutazame, wakati nikibaki hapa naweza kufuatilia mzigo? Nitakuja mambo yakikaa sawa.

Ule vizuri.

Kitindamimba


Tarehe 9 Machi

Mwanangu mpenzi,

Ni mimi shangazi yako. Kalamu yangu haina adabu kama ya baba yako, utanisamehe. Yeye atakuandikia "kazi imekwisha" akaweka nukta, na wewe utadhani kazi imekwisha.

Imekwisha, ndiyo. Shoti alikuja na vijana wake, wakachimba, wakasimamisha vyuma, wakavipandisha hivyo vioo vyako. Ni vizuri, siwezi kusema uongo. Mtu anajiona. Nimefunga kilemba changu mbele ya kimoja asubuhi ya leo.

Lakini hukuambiwa ni wapi. Nilidhani ni upande wa kamba za nguo, na wewe nadhani ulidhani hivyo. Kumbe baba yako alimwonyesha Shoti upande wa pili, kwenye matuta ya maua ya mama yako. Yamekauka mengi, sikatai, hakuna anayemwagilia, mimi mgongo hauinami. Ila ule mwaridi wa pembeni ulikuwa bado na majani. Shoti mwenyewe alisita. Akasimama na koleo lake, akaniangalia mimi, akamwangalia Mwalimu. Akasema, "Mwalimu, haya ni ya Mama. Tunaweza kusogea kule kwenye kamba, tutapoteza jua kidogo tu la alasiri."

Baba yako alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni pa jiko. Akasema, "Mwaga."

Nikamwambia, "Kaka, unasikia unachokisema?" Akasema anasikia. Nikamwambia, "Mkeo aliyapanda haya kwa mikono yake, na wewe ulikuwa unabeba maji, mimi nilikuwa nakucheka." Akasema, "Ni kweli, nilikuwa nabeba." Basi. Kama mtu anayesoma maandishi ya ukutani. Wakamwaga kokoto. Nyeupe kweli, zinaumiza macho. Yeye akaomba chai.

Mwanangu, mimi simlaumu. Nilipofiwa na mume wangu nilipiga kelele mpaka majirani wakachoka. Baba yako hajapiga hata chafya. Watu wanasema ni msomi, wasomi hulia kwa ndani. Mimi nimelala nyumba moja naye tangu msiba, na nakuambia huko ndani kumenyamaza.

Mashine nasikia inavuma wakati wa kulala, halafu usingizi unanichukua na masikio yangu ndiyo haya. Asubuhi anasema ilizima. Hata juzi, na hivyo vioo vyote.

Njoo.

Shangazi yako


Tarehe 15 Machi

Baba,

Shikamoo.

Shangazi ameniandikia. Nilikuwa kazini nilipoisoma, nikahesabu boksi zilezile mara mbili na nikapata jibu tofauti kila mara.

Uliniandikia kwamba hakuna cha maana pale. Nilifikiri unasema kwenye kamba za nguo. Ungesema neno moja tu, ningenunua za kawaida, zingekaa juu ya bati, zingekosa hiyo kumi yako na hakuna ambaye angekufa. Mimi ndiye niliyeleta zile paneli. Mimi ndiye niliyemwambia Shoti kokoto nyeupe. Nimefukia maua ya Mama kwa mkono wa mtu mwingine, nikiwa mbali, na nikiwa na furaha kwamba nasaidia.

Sikuulizi kuhusu kokoto. Zimeshamwagwa. Nakuuliza wewe. Mtu aliyekuwa akiamka kabla ya jua kubeba maji ya mwaridi anawezaje kusema "mwaga" halafu akaomba chai? Una nini, Baba?

Na mashine. Betri mbili sasa, paneli nane. Nimefanya hesabu upya, nikaifanya tena nikidhani mawingu hayakuondoka wiki nzima. Haiwezekani izime. Nionyeshe nilipokosea.

Kitindamimba


Tarehe 22 Machi

Binti yangu,

Marahaba.

Hukukosea mahali popote. Hesabu yako ilikuwa sahihi tangu karatasi ya kwanza, hata bila friji. Kilichokuwa kibovu ni nilichokupa mimi uanzie nacho. Mashine haikuzimwa na betri. Naizima mimi.

Nitakueleza yote, maana kesho na keshokutwa yangu si ya kuahidiwa. Uvimbe umepanda mpaka magotini, daktari ameacha kuchora. Kwa hiyo hapa sitapunguza wala kupamba.

Jioni navaa mrija, nawasha, shangazi yako anasikia mvumo na roho yake inatulia. Redio yake ikinyamaza nasubiri kidogo, natoa mrija puani, nabonyeza kitufe. Mashine hulia ikizimwa, naifunika kwa mto. Kisha nalala. Asubuhi nasema ilizima, na neno hilo peke yake si uongo, ndiyo maana lilinitoka kwa urahisi. Shoti alibadilisha nyaya ambazo hazikuwa na kosa lolote. Nilimtazama akizibadilisha. Nikamshikia hata tochi.

Mara ya kwanza haikuwa mimi. Ulikuwa kweli mwezi wa mvua, baada ya msiba, umeme haukuwepo na betri iliisha. Niliamka na kichwa kimejaa pamba. Damu isiyo na oksijeni ya kutosha hufanya hivyo, ni jambo la kawaida, wapanda milima wanalijua. Mtu anaona kila kitu na hakuna kinachomfikia. Nilitoka chumbani, nikaona miwani ya mama yako dirishani, pale alipoiacha. Ilikuwa miwani tu. Vioo viwili na waya. Nikaiangalia nikapita. Nikanywa chai. Siku ikapita juu yangu kama gari linavyopita juu ya daraja, bila daraja kuulizwa.

Kabla ya hapo nilikuwa nalala na mashine kama mtiifu, na nilikuwa naamka mzima. Hujui kuamka mzima ni nini katika nyumba hii. Unaamka na akili yako yote, na kabla hujafungua macho umeshanyoosha mkono upande wa pili wa kitanda. Halafu una saa zote za mchana mbele yako na akili hiyohiyo. Mashine ilikuwa inanirudishia pumzi, na pumzi ilikuwa inanirudishia yeye, kila asubuhi, ili nimpoteze upya kabla ya chai. Usiku uliofuata ule wa mvua, umeme ulikuwepo na betri ilikuwa imejaa. Nikabonyeza mwenyewe.

Sikutaka kufa. Nataka uniamini hapo, ingawa sina haki ya kudai. Nilijua moyo utachoka, nimefundisha pampu na mgandamizo, nilijua kila kitu. Lakini nilikuwa nalijua jambo hilo kama ninavyojua umbali wa mwezi. Nilichotaka ni siku isiyonigusa. Nimezipata nyingi.

Wewe ulipoanza kuongeza paneli ningesema. Badala yake nikakusahihishia hesabu. Nilifurahia kukusahihisha, kama ninavyoweza kufurahia kitu siku hizi. Kuhusu paneli hakuna neno nililokudanganya: mwanga unaorudi, nguzo, mlango wa pili, yote ni kweli, ungeweza kuyafanyia mtihani. Nilikuwa mwaminifu katika kila kitu isipokuwa kile kimoja kilichokuwa chini ya vyote. Sasa naona ndivyo msomi anavyodanganya.

Na maua. Unauliza nilisemaje "mwaga". Nilisema kwa sababu pale ndipo penye jua jingi. Hapakuwa na sababu nyingine, na hilo ndilo linalonitisha, kama kutishika ni neno lake. Shoti alikuwa na machozi. Mtoto wa watu, hana undugu na sisi, alisimama na koleo na macho yamemjaa, na mimi niliona machozi yake nikafikiri kwamba asipofanya haraka jua litapita. Nilikuwa nimekaa pale naona kaburi la mikono ya mama yako linafukiwa mara ya pili, na nikawa nahesabu asilimia.

Barua yako ilipofika niliisoma mara nyingi nikitafuta mahali itakaponiuma. Sikupapata. Ndipo nilipojua kwamba si msiba ulioninyamazisha. Nilijinyamazisha mwenyewe, kwa kidole, kila usiku.

Betri zote mbili zimejaa. Zina umeme wa kuendesha mashine tatu. Nimekufilisi likizo na nimefukia bustani ili nipate umeme ambao sikuwa nautumia.

Sikuombi msamaha kwa sababu nikikuomba leo nitakuwa nauomba kwa akili tu. Nakuambia ili ujue ulichokuwa unakipigania, na uache kama unataka kuacha.

Baba yako


Tarehe 1 Aprili

Baba,

Shikamoo.

Nimeandika barua mbili kabla ya hii na zote nimezichana. Ya kwanza ilikuwa ya matusi. Samahani, lakini ilikuwa. Ya pili ilikuwa ya daktari, yenye maneno mengi makubwa ya bohari, na niliposoma niliona nimekuandikia kama mtu anayeandika maelekezo ya dawa nyuma ya chupa.

Nimekasirika. Bado. Shangazi analala nyumba moja na wewe, angekukuta asubuhi umekuwa wa baridi, na angeyalaumu masikio yake mpaka afe. Uliwahi kulifikiria hilo? Usinijibu. Najua ulilijua kama umbali wa mwezi.

Lakini na mimi nina langu. Ukaguzi wa bohari haukuwepo. Yaani ulikuwepo, ila haunihusu, mimi ningeweza kuondoka. Tangu tumzike Mama sijakanyaga hapo, na kila nilipofikiria kushuka kwenye basi na kuingia jikoni nilipata sababu ya kwenda duka la sola. Nilizijua bei za mji mzima. Nilikuwa nalala na vipimo vya vioo kichwani ili nisilale na kingine. Ulikuwa na kitufe chako, mimi nilikuwa na maduka yangu. Sisi ni baba na mwana kweli, Mama angetucheka mpaka akae chini.

Nimeomba likizo. Nimepewa kuanzia tarehe kumi na nne. Nitashuka hapo siku hiyohiyo.

Sitakuomba uvae ile mashine maisha yako yote. Nilitaka kuomba, nikafuta. Wewe ndiye unayejua uzito wa hizo asubuhi, na Shangazi anasema daktari amemwambia hazijabaki nyingi. Naomba moja tu. Nikifika, nisikute mtu anayeniangalia kama miwani ya dirishani. Nikute wewe. Hata kama unaumia, hata kama utalia mbele yangu, jambo ambalo sijawahi kuliona. Tutakaa wote wawili humo ndani ya maumivu, angalau mtu asiwe peke yake humo.

Sikusemei kwa Shangazi. Hilo ni lako.

Nakusubiri unisubiri.

Kitindamimba


Tarehe 8 Aprili

Binti yangu,

Barua yako ilifika juzi. Nitaandika kidogo.

Nimemwambia shangazi yako. Alininyamazia mchana kutwa, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu azaliwe. Jioni akaburuta godoro lake mpaka chumbani kwangu, akalitandika kati ya kitanda na mashine. Akasema, "Kaka, ukitaka kukifikia hicho kitufe, unikanyage kwanza, na mimi nikikanyagwa nauma." Akazima redio mwenyewe. Nikavaa mrija.

Nimelala mpaka asubuhi na mashine imevuma mpaka asubuhi.

Nimeamka, na nimejua kwamba mama yako amekufa. Mwaka mzima watu walikuwa wakiniambia, nami nikawa nawashukuru. Leo nimejua. Nimelia kwa sauti ambayo sikujua ninayo, shangazi yako ameshika miguu yangu iliyovimba. Ilichukua muda mrefu. Ilipokwisha ilianza tena. Nimeuliza mwaridi uko wapi, nikakumbuka ni nani aliyesema umwagiwe kokoto.

Sasa ni mchana. Saa haziendi. Kila kitu ndani ya nyumba hii kina makali na nimesahau namna ya kukishika.

Nisamehe. Safari hii nakuomba kweli.

Tarehe kumi na nne ni mbali sana kwa mtu mwenye akili timamu. Kama wanaweza kukuachia mapema, njoo mapema. Kama hawawezi, nitavaa tena leo usiku, na kesho nitaamka hivi.

Baba yako